Mkaa Uliochoka na Miguu ya Mke Wangu

Mwaka 1994, nikiwa na umri wa miaka thelathini na miwili, shida ilinikamata. Kabla ya hapo nilikuwa mtu. Nilipakia marobota kwenye kiwanda cha kuchambua pamba cha ushirika, na nikirudi kijijini kwetu Ngulyati watu walinisalimia kabla sijawasalimia. Kisha tukaambiwa soko sasa ni huria, mwenye gari na fedha anunue pamba. Wakaja wenye magari. Waliingia mpaka uani kwa watu, wakapima pamba kwa mizani yao wenyewe, wakaondoka nayo. Kiwanda chetu kikakosa cha kuchambua. Meneja akatuambia twende nyumbani tukasubiri taarifa. Mimi nasubiri mpaka leo.

Msimu ule ule mvua ilikatika mahindi yakiwa yanachanua. Nyumbani nilikuwa na mke, watoto wawili na mama yangu mzazi. Ng'ombe wangu wa kulimia walikuwa wawili. Mmoja alianguka kiangazi hakuinuka, mwingine nikamuuza tukamla kwa njia ya unga. Huku kwetu mwanaume asiye na ng'ombe hata mmoja hasemi kitu kwenye mkutano. Anakaa nyuma, anaitikia. Mimi sikuzaliwa kuitikia.

Ndipo tajiri mmoja kutoka mbali akajenga kiwanda cha mafuta ya mbegu za pamba pembeni mwa mji wa Bariadi. Wenye mashine za kukamua walikuwa wameanza kuwa wengi, lakini huyu alikuwa na jambo lake. Wengine wakishakamua mbegu, mashudu, yale makapi yaliyobaki, yanauzwa kwa wafugaji, basi. Huyu aliyaosha tena mashudu kwa petroli nyeupe, isiyo na rangi kama maji, ambayo inanyonya mafuta yote yaliyobaki. Petroli ile ikachemshwa, ikawa mvuke, ukapozwa ukarudi kuwa petroli, akaitumia tena. Faida yake ilikuwa hapo. Lakini kila siku kuna mvuke kidogo ulioponyoka na hewa, usiokubali kupozwa. Huo mvuke mdogo ndio ninaouandika hapa.

Tuliajiriwa wote, mimi na mke wangu. Mimi niliwekwa kwenye boila na kwenye mapipa mawili makubwa ya chuma yaliyojaa mkaa. Mke wangu aliwekwa chumba cha pili, ukuta mmoja na mapipa yangu, akijaza mashudu kwenye magunia na kuyashona midomo kwa sindano ndefu. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko wanawake wote mle. Hewa iliyokwisha kupita kwenye mkaa ilitoka kwa bomba fupi, na bomba hilo liliishia karibu na dirisha lao. Walisema bomba refu litakuja.

Fundi mkuu alikuwa Mzaramo, mtu mnene mwenye cheko. Wazaramo na sisi Wasukuma ni watani, kwa hiyo alianza kunitukana siku ya kwanza.

Aliniwekea punje nyeusi kiganjani. "Mtani, hiki unaona nini?"

"Mkaa."

"Wasukuma! Kisichokuwa na mkia hamkijui. Huu siyo wa kuchomea mahindi. Ni kifuu cha nazi kilichochomwa, kisha kikaamshwa kwa mvuke wa moto mkali mpaka kikatobokatoboka ndani. Punje hiyo ina vyumba kuliko mji wote wa Bariadi."

"Na wapangaji je?"

"Mvuke wa petroli. Hewa chafu inaingia chini ya pipa, petroli inabaki vyumbani, hewa inatoka juu safi."

Nikamwuliza kwa nini mvuke ukae humo wakati mlango uko wazi. Mimi darasa la nne ndilo nililoishia, lakini swali sikuwahi kuliogopa. Akasema kwenye ukumbi mpana mvuke unapita tu, hauna pa kujishika. Kwenye chumba chembamba kuta zinaubana kila upande, unatulia. Nikasema basi wangetengeneza vyembamba vitupu. Akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Halafu utautoaje? Kukamata siyo kazi, mtani. Hata matope yanakamata. Kazi ni kukamata, kuachia, na kesho kukamata tena. Vikiwa vyembamba mno, mvuke unaingia kwa tabu na ukishaingia hautoki. Vikiwa vipana mno, haukai. Mkaa mzuri una njia za kupitia na vyumba vya kulala."

Kazi yangu ilikuwa hiyo ya kuachia. Pipa moja likikamata, lingine nalipulizia mvuke wa boila. Ule mvuke wa moto unaifukuza petroli vyumbani, vyote vinapita kwenye bomba lililozungushiwa maji baridi, vinadondoka tangini: maji chini, petroli juu. Kisha mkaa unakaushwa kwa hewa na kuachwa upoe, maana mkaa wa moto au wenye maji haushiki kitu. Nikishamaliza nageuza koki, pipa lililolala linaamka, lililoamka linalala. Niliipenda ile kazi. Sikuona aibu kuipenda.

Miezi ya kwanza chumba cha magunia kilinuka mashudu tu. Baadaye, jioni jioni, ikaja harufu tamu ya petroli. Fundi akasema kuna wapangaji sugu. Ndani ya mvuke kuna moshi mzito wa mafuta ya pamba. Huo ukiingia kwenye vyumba vyembamba mvuke wa boila hauuwezi. Unabaki. Kesho unaongezeka mwingine. Nyumba inajaa watu wasiohama, anayekuja anakosa pa kulala, anatokea juu na kuingia dirishani kwa wanawake. Ndivyo mkaa unavyochoka. Ukiutazama ni mweusi uleule. Hauonyeshi.

Msimamizi, ndugu wa tajiri, akazidisha ubaya. Alitaka magunia mengi zaidi, akaniamuru nigeuze koki kabla mkaa haujapoa. Harufu ikahama kutoka jioni ikaja mchana, kutoka mchana ikaja asubuhi. Na mvua za vuli zilipoanza akafunga madirisha ili mashudu yasilowe.

Mke wangu hakulalamika. Wanawake wa mle walikuwa wakitaniana kwamba wanalewa bila kununua pombe. Kisha nikaona anashindwa kutunga uzi kwenye sindano, yeye aliyekuwa anatunga huku anaongea. Akasema vidole vimekuwa kama vya mtu mwingine. Jioni moja tumerudi nyumbani, mama yangu yuko uani anachambua choroko.

"Mwadila, mayu," mke wangu akamwamkia mama kwa Kisukuma chetu.

"Mwadila. Katambuga yako nyingine iko wapi?"

Mke wangu akatazama chini. Mguu mmoja ulikuwa na katambuga, kiatu cha tairi, mwingine mtupu, una vumbi mpaka kwenye kifundo. Alitembea njia yote hivyo na hakujua.

"Imekuvuka wapi?" mama akauliza.

"Sijui, mayu."

Mama aliendelea kuchambua, lakini niliona anarudisha mawe kwenye choroko.

Tulikwenda zahanati, wakampa vidonge vya kuongeza damu. Ndugu zake wakasema amekanyaga dawa ya mtu, tukamleta nfumu, mganga wa huku kwetu, akamchanja miguuni. Alimchanja huku mke wangu akimtazama kama anayetazama jirani akichanjwa. Hapo nikaogopa sana. Wala sikumcheka yule mganga. Alikuwa mtu wa kwanza kuitazama ile miguu kwa makini.

Fundi alipoambiwa, hakutania. "Mtani, mtoe mkeo mle ndani. Petroli hii inakula mishipa ya fahamu."

Nikamjibu vibaya. Nikamwambia unga wa nyumbani kwangu unatoka mikono minne, akitoa miwili watoto nitawapa nini, mkaa? Alikwenda kwa tajiri akambana, tajiri akakubali aende Dar es Salaam kutafuta mkaa mpya. Kabla ya kuondoka akaniambia, "Usiufanye kitu chochote. Uache upoe kabla ya kugeuza koki, na fungua madirisha."

Akaenda, na hakurudi upesi. Madirisha nikiyafungua msimamizi anayafunga. Nilimwomba mke wangu abaki nyumbani, na yeye akanijibu kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona: "Nikibaki, wewe utashiba nini? Utukufu wako?" Alikuwa ananijua.

Msimamizi akaona ujanja. Akanunua magunia ya mkaa wa kupikia kwa akina mama wa sokoni, tukausaga, tukajaza pipa moja. Harufu ilitoka kabla hatujanywa uji. Ule mkaa wa jikoni haukuamshwa. Ndani umezibwa na utomvu wa mti wake wenyewe, vyumba vichache, milango imefungwa. Tukaumwaga.

Usiku hatukulala vizuri, na asubuhi wakati wa kupika mke wangu alisimama mekoni akigeuza ugali. Mimi niko mlangoni. Tukasikia harufu ya nyama inayoungua. Watoto wakafurahi, wakauliza leo kuna nyama? Nikatazama. Mke wangu alikuwa amekanyaga kaa la moto, na ugali anaendelea kuugeuza.

Nilimsukuma akaanguka. Alikuwa anashangaa kwa nini nimempiga.

Mama yangu alimfunga ule mguu, kisha akaniita pembeni. "Huo mkaa wenu unanuka?"

"Unanuka, mayu."

"Kibuyu cha maziwa kikinuka unakifanyaje? Si unakiosha, unakianika, unakifukiza moshi? Maziwa ya kesho yanakaa bila kuharibika. Wewe umekunywa maziwa ya vibuyu hivyo mpaka ukawa na ndevu. Ninyi mnaupuliza maji ya moto kila siku, kuufukiza hamjaufukiza."

Wewe unayesoma unaweza kucheka. Mimi niliona ni akili, na msimamizi naye, mtoto wa mfugaji kama mimi, aliona ni akili. Tuliupuliza mkaa uliochoka kwa mvuke mpaka tangi likaacha kupata petroli. Tukautoa pipani, tukauanika kwenye maturubai mpaka ukawa mkavu kabisa. Tukachimba shimo mbali na kiwanda, tukawasha kuni mbichi za mgunga zitoe moshi bila miali, tukautandaza mkaa juu ya mabati yenye matundu. Mama yangu alikuja mwenyewe kusimamia. Alikuwa anaonja moshi kwa pua kama anavyofanya kwa kibuyu, anasema bado, bado, sasa imetosha.

Tulinusa. Harufu ya petroli hakuna! Ulinuka kama nyumbani kwa bibi. Wanawake wa magunia walipiga vigelegele, mmoja akamwambia mama yangu, "Mayu, tajiri akupe kiti cha fundi!" Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya katambuga. Mke wangu alishika punje moja akaipeleka puani, akaniambia, "Leo nitashona bila kichwa kuuma."

Tukajaza pipa. Nikageuza koki. Mvua ilikuwa inanyesha, madirisha yamefungwa, na kwa sababu ya ile harufu ya moshi hakuna aliyeisikia petroli ikitoka. Ilitoka yote. Hakuna hata kidogo iliyokamatwa. Wanawake walianza kucheka ovyo, nikadhani wanafurahi. Kisha kicheko kikakatika, mmoja akatoka akitapika na kuniita. Mke wangu alikuwa ameanguka juu ya gunia alilokuwa analishona, sindano imepita kwenye nyama ya kiganja chake, na hata hiyo hakuisikia.

Nilifunga koki, nikambeba. Mvuani alipata fahamu, lakini miguu ilikataa kusimama. Magoti yalikunjika kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi.

Nilimfunga kwa kanga nyuma ya baiskeli, nikamsukuma mpaka kwao, maana kwetu hatukuwa na kitu cha kumpa mgonjwa. Sasa jua kwamba kwa mila yetu mimi na mama mkwe hatutazamani wala hatusemezani, wala sivuki kizingiti chake. Nikamlaza mke wangu uani, nikarudi nyuma mpaka kwenye boma la ng'ombe, nikageuza mgongo. Nikasikia mkwe anatoka. Kisha akaanza kusema na mbwa.

"Wewe mbwa, nilikupa mtoto mzima, anayekimbia. Umenirudishia nini? Umenirudishia mfuko? Umekwenda kumla miguu huko mjini, sasa unaniletea kilichobaki? Ondoka hapa, mbwa. Ukirudi, urudi akiwa anatembea."

Mbwa alikuwa amelala anapigwa mvua, hajui kosa lake. Mimi niliitikia kimoyomoyo kila neno. Nilisukuma baiskeli tupu kurudi, na kama kungekuwa na mtu wa kuniua njiani nisingekimbia.

Kesho yake nilikwenda kiwandani. Msimamizi alikuwa amekwisha kumpata mwanamke mwingine wa kushona, msichana wa Ngulyati, ananyonyesha. Akaniambia nigeuze koki. Niliikalia. Ile koki ilikuwa na gurudumu la chuma, nikapanda nikakaa juu yake kama kwenye kigoda, nikamwambia mkaa huu umekufa, asiyeamini akae yeye kwenye chumba cha magunia. Akaniita mshamba, akaniita mchawi. Akasema ameshanifukuza. Nikasema basi kufukuzwa kwenyewe kutanikuta nimekaa. Alimleta mlinzi, mlinzi akakitazama kile kiganja cha msichana kinachojifunza kushika sindano, akasema yeye analinda geti. Kiwanda kikasimama mpaka jioni. Siyo ushujaa. Sikuwa na pengine pa kwenda kukaa.

Fundi alirudi na mkaa mpya nikiwa nimeshaondolewa. Alinifuata nyumbani. Nikamweleza habari ya moshi. Alianza kucheka, cheko likafa mdomoni.

"Mtani, bahati yenu mkaa haukuwaka. Lakini mmeziba milango yote. Moshi una lami. Kibuyu unataka kizibwe vitundu ili maziwa yasichachie humo. Mkaa unataka vitundu viwe wazi. Dawa ni ileile, mgonjwa siye." Akamgeukia mama yangu. "Mama, pole. Kwa kibuyu ulikuwa sahihi."

Tangu siku hiyo mpaka anakufa mama aliacha kufukiza vibuyu, tukanywa maziwa yenye harufu, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Fundi alimwambia tajiri kwamba bila mimi mapipa hana wa kumwachia. Nilirudi kwa sharti moja: bomba lipandishwe juu ya paa kabla koki haijageuzwa. Likapandishwa. Mkaa ule mpya ulikuwa wa vyumba vilivyopangwa vizuri, na mbele yake fundi aliweka pipa dogo la mkaa wa bei ndogo, wenye vyumba vipana, la kunasa moshi mzito wa mafuta kabla haujafika kwenye mkaa mzuri. Ulikamata, ukaachia, ukakamata tena, msimu mzima, na chumba cha magunia kikanuka mashudu tu. Nilisimama nikiutazama ukifanya kazi, nikauchukia. Kwa nini haukuja mapema?

Mke wangu alikaa kwao masika yote na kiangazi chote. Nilikuwa napeleka unga, nautua kwenye boma, napiga kikohozi, naondoka. Mkwe alikuwa anamwambia mbwa, "Mgonjwa wako leo ameshika kijiko." Au, "Mbwa, mgonjwa wako amekaa mwenyewe." Ndivyo nilivyopata habari. Baadaye mke wangu akaanza kukokotwa mpaka kivulini, tukawa tunaongea tukiwa mbalimbali.

"Kuna sisimizi mguuni," akaniambia siku moja. Nikamtuma mtoto atazame. Hakuna sisimizi.

"Hakuna kitu."

"Najua hakuna," akasema. "Lakini nawasikia."

Mwishoni mwa kiangazi, nimetua unga, nimegeuka, nikasikia mke wangu anapiga yowe. Alikuwa amesimama peke yake katikati ya uwanja, ameshika kijiti, mguu mmoja juu. Amekanyaga mbigili. Analia, anatukana ile mbigili na mama yake na ukoo wake wote. Mkwe akatoka mbio, akasahau mila, akanitazama usoni. Na mimi nikamtazama. Kisha akajifunika kanga upesi.

"Mbwa," akasema, "mchukue mtu wako."

Mguu wa kushoto vidole vitatu havikurudi mpaka leo. Viatu anavaa vya kufunga.

Tajiri aliuza kiwanda baadaye akaondoka. Mimi nilichukua mashine kuukuu ya kukamua ambayo hakuna aliyeitaka. Nakamua tu. Mashudu siyaoshi kwa kitu chochote, mafuta yanayobaki ndani na wayale ng'ombe.

Leo ninavyo hivi. Nyumba ya matofali ya kuchoma na bati, Ngulyati. Mashine mbili za kukamua, ile kuukuu na nyingine. Ng'ombe thelathini na mmoja. Plau mbili na mkokoteni. Shamba la pamba na la mpunga. Kiwanja Lagangabilili, nilikinunua kabla ofisi za serikali hazijafika. Pikipiki moja. Sindano moja ndefu ya magunia, imeota kutu kidogo, iko juu ya mlango.